Mnatutoza kwa Agano la Kale huku mnatuhubiria neema ya Agano Jipya

Ndugu wanajukwaa, heshima kwenu. Sikuzoea kufungua nyuzi za kulalamika, na mambo ya kanisani nililelewa kuyamaliza kanisani, lakini kwa hili nimebisha hodi kwa mzee wa kanisa, kwa mchungaji msaidizi na kwa mchungaji mwenyewe, na kote nimeambiwa nina roho ya uasi. Jina la kanisa silitaji. Wanaosali pale watajitambua.

Jumapili ya pili ya Januari tulikuta bahasha juu ya kila kiti, ya buluu na nyeupe, upande mmoja imechapwa nyota ya Daudi na upande wa pili Mwanzo 12:3, na chini yake nafasi za kujaza jina, namba ya simu na kiasi cha malimbuko, yaani mshahara wote wa mwezi huo. Mchungaji alipanda madhabahuni amejitanda shali ya maombi ya Kiyahudi, akapuliza pembe ya kondoo ambayo mara ya kwanza ilitoa hewa tu na mara ya pili ikalia hadi watoto wakaanza kulia nayo. Kisha akatutangazia kwamba asiyeibariki Israeli amejilaani mwenyewe, na kwamba baraka hiyo inapitia kwenye bahasha ile. Jirani yangu, mjane anayekaanga vitumbua asubuhi kando ya barabara, alitia humo fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya kodi ya nyumba. Ninajua kwa sababu wiki iliyofuata alikuja kukopa kwangu.

Sina ugomvi na sadaka. Kanisa lina umeme wa kulipa na mlinzi wa kulisha. Kinachonikera ni namna maagano ya Mungu yanavyochambuliwa kama dagaa sokoni, kinachomfaa muuzaji kinabaki kwenye ungo na kisichomfaa kinatupwa. Tuanze na aya iliyo kwenye bahasha. Ahadi ile, ya Mungu kuwabariki wambarikio na kumlaani amlaaniye, aliambiwa Abramu, kabla hajaitwa Ibrahimu, kabla Isaka hajazaliwa, na muda mrefu kabla Yakobo hajapewa jina la Israeli katika Mwanzo 32, na mwisho wake unasema kwamba kwa yeye jamaa zote za dunia zitabarikiwa. Paulo anaifafanua aya hiyohiyo katika Wagalatia 3, anamtaja mzao mmoja ambaye ni Kristo, na anamaliza sura kwa kusema kwamba walio wa Kristo ndio uzao wa Ibrahimu na warithi wa ahadi. Mtu anaweza kulipenda taifa lililotangazwa tarehe 14 Mei 1948, akaliombea, akalitembelea, hilo ni lake. Ila kumtishia mjane wa Kimara kwa laana ya Mwanzo 12 kwa sababu hakujaza bahasha, hilo halimo katika Mwanzo wala katika Wagalatia.

Tena wanachanganya maagano mawili ambayo Paulo ameyatenga kwa hesabu ya miaka. Anasema torati ilikuja miaka 430 baada ya ahadi na haiwezi kuitangua ahadi hiyo. Kwa hiyo agano ambalo Waebrania 8 inaliita kuukuu na lililo karibu na kutoweka ni lile la Sinai, lenye makuhani, hema na dhabihu, wala si ile ahadi ya Ibrahimu ambayo bado tunaila. Sasa mchungaji wetu anachukua ahadi ya Ibrahimu, anaifunga kwa kamba ya masharti ya Sinai, halafu anaisukuma kwetu kwa jina la Yesu, ambaye kwenye meza ya mwisho alishika kikombe akasema hili ni agano jipya katika damu yake. Ukiuliza unanunua nini hasa kwa mshahara wa Januari, unaambiwa usimjaribu Mungu.

Na hata hiyo Sinai hawaishiki yote. Kila Jumapili tunakiri kwa sauti kwamba sisi ni kichwa wala si mkia, maneno ya Kumbukumbu la Torati 28. Sura ile ina aya 68. Baraka zimo katika 14 za kwanza, na zilizobaki 54 ni laana kwa asiyeshika amri zote, ambazo sijawahi kuzisikia zikisomwa pale. Kuhusu zaka, Malaki 3 tunaijua kwa moyo hata usingizini, lakini nilipofungua Kumbukumbu 14 katika kikundi chetu cha nyumbani, watu wazima waliookoka miaka 20 walibaki wanatazamana. Imeandikwa pale kwamba mwenye zaka aile mbele za Bwana pamoja na nyumba yake, na kama safari ni ndefu auze, afunge fedha mkononi, akifika anunue kinachotamaniwa na roho yake, ng'ombe au kondoo, hata mvinyo, ale na kufurahi bila kumsahau Mlawi. Na zaka ya mwaka wa tatu iwekwe mjini kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mjane, ndugu zangu! Sura inayofuata inaamuru deni lifutwe kila mwaka wa saba. Nasubiri siku saccos ya kanisa itakapotangaza hilo.

Mitume walipokaa Yerusalemu, Matendo 15, kuamua watu wa Mataifa wabebeshwe nini, waliandika barua fupi: sadaka za sanamu, damu, nyama iliyosongolewa na uasherati. Bahasha haimo.

Baada ya kuyasema haya kikundini nilivuliwa uongozi, na hapo ndipo nilipopata marafiki nisiowataka. Ndugu wawili walinifuata nje wakanipongeza, wakasema afadhali nimesema kwamba Mungu aliwatupa Wayahudi na Kanisa limechukua nafasi yao. Sikusema hivyo. Yeremia 31 inasema agano jipya litafanywa na nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda, na hakuna Mmatumbi wala Mnyakyusa aliyetajwa mle, sisi tumepandikizwa. Paulo anauliza katika Warumi 11 iwapo Mungu amewasukumia mbali watu wake, na anajijibu kwa neno moja: Hasha! Kisha anatuonya sisi matawi ya mzeituni mwitu tusijisifu, kwa kuwa shina ndilo linalotuchukua. Fikra hiyo ya kutupwa ni ya zamani. Karne ya 2 mwandishi Mkristo Yustino Mfiadini alikwisha kuandika kwamba waaminio Kristo ndio Israeli wa kweli, na Markioni, mwalimu wa karne hiyohiyo, alikwenda mbali zaidi, akataka Agano la Kale litupwe lote, hata kanisa la Roma likaachana naye mwaka 144. Tunajua ilikofikia: mwaka 1543 Luther aliandika masinagogi yachomwe moto, na Kanisa Katoliki lilingoja hadi 1965 ndipo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatamka kwamba Wayahudi wasisemwe kuwa wamelaaniwa na Mungu.

Upande wa wanaopeperusha bendera ya Israeli, kama mchungaji wetu, nao una tarehe zake, ingawa unatuhubiria kana kwamba ni imani ya mitume. Mafundisho ya kutenga mpango wa Israeli na mpango wa Kanisa, kila mmoja na ratiba yake ya siku za mwisho, yalienezwa na mhubiri John Nelson Darby karne ya 19, na yakafika mbali kwa Biblia yenye maelezo ya Scofield ya mwaka 1909. Mtu ana haki ya kuyaamini. Asitufiche tu kwamba yalianza lini, na akipeleka waumini hija asiwapitishe Bethlehemu bila kuwaambia kwamba kuna Wakristo Wapalestina wanaosali pale, warithi wa ahadi ileile, ambao bahasha ya buluu haiwakumbuki.

Nilimwandikia mchungaji barua ya kurasa mbili yenye aya zote hizi, nikaomba fedha za yule mjane zirudishwe. Nilijibiwa kwa ujumbe wa sauti wa sekunde 11 kwamba kilichowekwa madhabahuni hakirudi. Kodi yake tumeilipa sisi majirani watatu. Sasa nauliza wachungaji mliomo humu mliosoma theolojia, na ninaomba mnijibu kwa maandiko: huo ni mwaka wa ngapi, na zaka ya mwaka wa tatu mnaiweka mji gani?