Wakuu, hesabu nyepesi zinamwangusha kijana na mtihani wa sekondari umebaki wiki 3

Kalamu Butu:
Habari zenu wakuu. Kijana wangu ana mtihani wa kuingia sekondari. Maswali marefu ya mafumbo anayapata. Anaangukia kwenye mepesi: kujumlisha, kutoa, sehemu. Kila usiku namsimamia maswali 40, lakini maksi hazipandi. Nimuongezee yawe 60? Au nimwamshe alfajiri? Usingizi sina.

Mama Pacha:
Alfajiri ndiyo yenyewe. Mimi niliamshwa saa kumi na moja miaka miwili mfululizo kukariri jedwali la kuzidisha. Mpaka leo ukinishtua usingizini natamka 56. Ila ni ngapi mara ngapi, sikumbuki.

Kikongwe Mtandaoni:
Mnyang'anye simu.

Kalamu Butu:
Simu hana.

Kikongwe Mtandaoni:
Basi ndiyo maana.

Fundi Desimali:
Usiongeze. Mtoto aliyechoka ukimpa 40 kwa mkupuo anajifunza kuandika haraka tu. Mpe 15 ya mchanganyiko, na aliyokosa ayarudie kesho yake bila kuchungulia. Halafu akisie kabla ya kukokotoa. Wengi wakipewa 3/4 + 1/6 wanaandika 4/10, wamejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Muulize tu: ulikuwa na robo tatu, ukaongezewa, sasa hata nusu hufiki? Atacheka mwenyewe. KDS ya 4 na 6, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili, ni 12, kwa hiyo 9/12 na 2/12, jibu 11/12. Sasa tupe mifano ya anayokosa, tusipige ramli.

Kalamu Butu:
Yako mengi, si muhimu. Nilichouliza ni idadi.

Fundi Desimali:
Andika hata moja.

Kalamu Butu:
Haya. 10 − 3 + 2. Kwetu nyumbani jibu ni 5. Shuleni anakoseshwa.

Fundi Desimali:
"Kwetu nyumbani"? Nani anasahihisha?

Kalamu Butu:
Mimi. Alikuwepo mwalimu wa ziada, nimemsimamisha mwezi uliopita kwa sababu alikuwa anapinga majibu yangu mbele ya mtoto. MAGAZIJUTO tumeisoma wote: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, TOA. Jumlisha inatangulia. 3 na 2 ni 5, 10 toa 5 ni 5. Na mwalimu harudi, hilo limeshapita, tusilijadili.

Fundi Desimali:
Mkuu, ni 9. Kujumlisha na kutoa ni ngazi moja, unaanzia kushoto. Ile alama ya kutoa imeishika 3 peke yake, 2 haimo. Kwenye kugawanya na kuzidisha MAGAZIJUTO haikuumizi, maana ukitanguliza kugawanya jibu linabaki lilelile. Kwenye JU na TO ndiko inakozamisha watu.

Kalamu Butu:
Mimi nilifundishwa hivyo na nikafaulu.

Chekanao:
Kikokotoo changu kinasema 9. Ila hichohicho nikikipa 2 + 3 × 4 kinanirudishia 20 badala ya 14, kwa hiyo simtetei mtu.

Mama Pacha:
Kumfukuza mwalimu kwa sababu ya heshima yako! Wanaume bwana. Wa kwangu alipotea njia saa tatu nzima akikataa kuuliza.

Jicho la Tatu:
Wakuu mnapigwa kamba. Huyuhuyu Kalamu Butu mwaka jana alifungua uzi kuomba jina la mtoto mchanga. Leo mtoto anaingia sekondari? Hii chai.

Kikongwe Mtandaoni:
Tena haina sukari.

Kalamu Butu:
Yule ni wa pili! Mtu haruhusiwi kuwa na watoto wawili?

Jicho la Tatu:
Weka picha ya daftari.

Chekanao:
Nimekaa mkao wa kula.

Kalamu Butu:
Vitu vya mtoto siweki mtandaoni. Ila nimekwenda kulichukua, amelala. Zoezi la juzi, swali la 17: 15 − 6 + 4. Ameandika 5, na mimi nimepiga vema kwa wino mwekundu. Nimeisogeza karatasi kwenye taa. Chini ya hiyo 5 pamefutwa mpaka karatasi imechubuka, lakini penseli alikuwa ameikandamiza, inasomeka: 13. Swali la 22 pamefutwa vilevile. La 31 pia.

Fundi Desimali:
Namba ya mwalimu bado unayo?

Kalamu Butu:
Ninayo. Sasa hivi ni saa sita usiku.

Jicho la Tatu:
Picha bado hatujaiona.

Mama Pacha:
7 mara 8! Nimekumbuka.