Tupeane uzoefu: umemlea vipi mtoto wa boerboel (au mbwa yeyote mkubwa wa ulinzi) kwenye nyumba yenye watoto?

BabaPendo, Goba

Wakuu salama? Naomba tufungue uzi wa mbwa wakubwa wa ulinzi wanaoishi na familia, boerboel hasa maana ndiye ninayemjua, ila mwenye rotwaila, mastifu, kaukasia au jemanishepadi naye karibu. Kila siku naona watu wanaulizana bei na mbegu, halafu swali linalofuata ni "nimfanyeje awe mkali". Hilo swali linanisumbua jamani, kwa sababu najua huyo mbwa anaenda kulelewaje.

Boerboel ametokana na mbwa wa wakulima wa Afrika Kusini, mbwa wa kubaki shambani na familia wakati jirani yuko mbali na hakuna wa kumwita usiku. Kulinda kuko kwenye damu. Dume aliyekomaa anacheza kwenye kilo 70 na wapo wanaopita 80. Sasa mbwa wa kilo zote hizo ukimuongezea ukali umepata nini? Anachohitaji ni kujua kipi cha kawaida, ili kisicho cha kawaida akitambue mwenyewe.

Mimi wa kwangu nilimchukua ana wiki 8, chanjo ya kwanza ameshachoma. Tatizo la huku kwetu ni parvo (ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa), huwezi kumshusha barabarani chanjo hazijaisha, na hapo hapo umri wa wiki ya 3 mpaka kama ya 14 ndio umri ambao akili yake imefunguka, anachokiona anakikubali. Nilichofanya, nambeba. Jioni natoka na kigoda, nakaa nje ya geti nimempakata, tunaangalia dunia inapita. Bajaji, wanafunzi wametoka shule, mama wa mboga na beseni kichwani, fundi na toroli linalopiga kelele, mtu na mwavuli, mzee wa fimbo. Kila kitu kipya kikipita nampa kipande cha ini kidogo. Akitetemeka narudi nyuma kidogo nakaa mbali zaidi, simsukumi. Mpaka anamaliza chanjo na kutembea mwenyewe kwa kamba alikuwa ameshaona kila kitu, leo bodaboda ikipiga honi getini anainua kichwa anaangalia anarudi kulala, ila mtu akikaa kwenye ukuta usiku huyo mbwa mtaa mzima unajua.

Karibuni, tuweke yale tuliyofanya kwa mikono yetu.

mama_wawili, Kimara

Asante baba Pendo kwa uzi. Nina watoto wawili, wa darasa la nne na la kwanza, na jike la boerboel tunaloliita Simba (jina alichagua mdogo hakuna aliyemshinda). Mimi niongelee watoto.

Kwanza kung'ata. Mtoto wa mbwa anang'ata, lazima, meno yanamuwasha na ndivyo wanavyocheza wao kwa wao. Shida boerboel wa miezi minne tayari ana kilo ishirini na kitu, akimrukia mtoto anamwangusha. Niliwafundisha wanangu, akianza kung'ata msikimbie msipige kelele, simama kama mlingoti, kunja mikono, angalia juu. Mchezo ukifa na yeye anatulia. Halafu anapewa kipande cha kamba nene ya katani amalizie hasira zake huko. Ukikimbia na kupiga yowe ndio unamwambia tuendelee.

Pili chakula. Hakuna mtoto anayegusa bakuli wala anayemsogelea akiwa analala. Ila mimi na baba yao tulimzoesha mapema, akiwa anakula napita pembeni nadondosha kipande cha nyama kitamu kuliko anachokula, napita naenda zangu. Sinyang'anyi. Watu wanasema mnyang'anye bakuli ajue nani bosi, mbwa unamfundisha kwamba mtu akisogea chakula kinaondoka, hapo hata ungekuwa wewe si ungenguruma? Sasa hivi Simba akiniona naelekea bakuli lake mkia unaanza wenyewe.

La tatu ndilo lililonifanya niandike. Jumamosi moja mtoto wa jirani amekuja, wanacheza mpira na mkubwa wangu, wakaanza kuvutana fulana, mambo ya watoto, mwanangu akapiga ukelele. Simba alikuwa amelala chini ya mwembe. Aliinuka bila kubweka, akatembea moja kwa moja akajiweka katikati yao, akamsukuma yule mgeni kwa kifua mpaka akakaa chini. Hakung'ata, hakunguruma, lakini nilimwona nywele za mgongoni zimesimama kuanzia shingo mpaka mkiani. Nilimwita kwa sauti ya kawaida, akaja. Kwa akili ya mbwa wa ulinzi mwanawe amelia na anayemliza ni mtu asiye wa nyumba hii, hajui kwamba ni mchezo. Tangu siku hiyo watoto wageni wakija Simba anaingia bandani kwake na kitu cha kutafuna, na hata wanangu peke yao hawakai naye bila mtu mzima kuwepo. Hamaanishi ubaya kabisa, ila mtoto wa mtu siwezi kumwekea dhamana.

Kijana_wa_Usa, Arusha

Mimi natofautiana kidogo na nyie. Mbwa wa ulinzi akizoea kila mtu wezi watamchezea. Mimi wangu mchana yupo bandani, hakuna anayemgusa zaidi yangu, usiku ndio anafunguliwa. Hakuna mtu anayesogea kwangu.

BabaPendo, Goba

Kijana nakuelewa, huo ndio mtindo tuliokuta kwa wazee wetu. Ila jiulize, siku umesafiri na mbwa anakujua wewe peke yako, mama watoto anatoka usiku kumpeleka mtoto hospitali inakuwaje? Mbwa aliyefungiwa mchana kutwa hajui tofauti ya mgeni na mwizi, kwake wote ni sawa, na mtu wa kwanza kuumia mara nyingi ni dada wa kazi au mtoto. Kuzoea kuona watu si kuzoea kushikwashikwa na watu. Wangu mgeni hamgusi, nami simruhusu mgeni amguse. Anamwona tu, akitulia anapata chake kutoka kwangu.

Kitengela_Home, Kenya

Wasee hapo kwa "anapata chake kutoka kwangu" ndio naomba muongeze sauti. Huku kwetu mtu wa kuuza mbwa huambia watu eti wageni wamlishe mbwa ndio awazoee. Usijaribu hiyo kitu. Wezi wa siku hizi hawapigani na mbwa, wanarusha nyama iko na sumu juu ya ukuta saa nane usiku na asubuhi unapata mbwa amelala chini. Jirani yangu alipoteza mbwa mbili hivo.

Mimi Rottweiler yangu nilimfunza kutoka akiwa mdogo chakula ni kwa bakuli yake ama kwa mkono wa watu wa nyumba, basi. Nilianza na kitu rahisi, naweka kipande ya mkate chini nafunika na mkono, akinusa na kukwaruza nanyamaza, akirudi nyuma namwambia "sawa" nampatia kitu tamu zaidi kwa mkono ingine. Baadaye naacha vipande kwa nyasi, yeye akiwa na kamba, tunapita. Mwisho nikaomba rafiki mbwa hajui akuje arushe soseji juu ya fence nikiwa nimesimama pale. Sitadanganya eti ni asilimia mia, mbwa ni mbwa, kwa hivyo pia kila jioni mimi hutembea compound yote na tochi kabla ya kumfungulia.

Na gate. Kabla gate ifunguliwe mbwa anakaa chini, kila mara, hata kama ni mimi natoka peke yangu kununua maziwa. Watu wa gas, wa takataka, wa kusoma mita ya maji, hao wote hawana makosa na wewe.

Dokta_Mifugo, Morogoro

Nimependa mnavyochangia. Mimi ni daktari wa mifugo, niseme ya mwilini maana tabia mmeziongea vizuri.

Kitu kinachoharibu watoto wa mbwa wakubwa hapa kwetu kuliko njaa ni pupa ya kutaka akue haraka. Mtu anaambiwa mbwa wake atakuwa jitu basi anamshindilia chakula, anamwekea unga wa mifupa, DCP ya ng'ombe (unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi), vidonge vya kalsiamu. Mtoto wa mbwa mdogo hana uwezo mzuri wa kuikataa kalsiamu iliyozidi, utumbo wake unaipokea tu, na ikizidi mifupa inakua vibaya, miguu inapinda, viungo vinavimba. Mbwa wa jamii hii tayari wana asili ya matatizo ya nyonga na viwiko, wewe unamsaidia kuumia. Kama unaweza chakula cha dukani cha watoto wa mbwa wakubwa, mpe hicho na usiongeze kalsiamu yoyote. Kama unapika mwenyewe, protini iwe ya kutosha, utumbo, nyama, mayai, dagaa wasio na chumvi, ugali usiwe ndio mlo wenyewe, na kalsiamu upimiwe na daktari. Pitisha mkono mbavuni, uzisikie mbavu bila kuzitafuta ila usizione zimechoreka. Atafika tu huo ukubwa, umeshaandikwa kwenye damu yake, anachelewa tu kidogo.

Unga wa dona uliovunda usimpe kwa kuwa "ni wa mbwa". Sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, inaua ini la mbwa vilevile inavyoua watu, mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye hiyo sumu. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hapana, inachanika kama sindano.

Mazoezi, atembee na acheze mwenyewe kwenye nyasi, lakini kukimbizwa nyuma ya baiskeli au kupandishwa ngazi kila saa subirini mpaka afike mwaka na nusu hivi, mifupa ifunge. Na Dar kwa joto lile tembeeni naye alfajiri.

Milo igawanywe, akiwa mdogo mitatu, baadaye miwili, na baada ya kula apumzike. Mbwa wenye kifua kirefu tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda. Ukiona tumbo limevimba ghafla, anajaribu kutapika hakitoki kitu, anahangaika hakai, usisubiri kesho, ni suala la saa chache.

Chanjo ya kichaa akifika miezi mitatu na kila mwaka baada ya hapo, kadi itunzwe. Mtu akikwaruzwa au kung'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ana kadi, daktari ndiye atakayeamua kuhusu sindano. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakina tiba.

Mtanga_wa_Chumbageni, Tanga

Assalaam alaykum wote. Watu huniuliza Muislamu unafugaje mbwa. Mbwa wa ulinzi na wa mifugo ruhusa ipo, shida ni mate, na sisi wa madhehebu ya Shafi anachokigusa kwa unyevu kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sasa utamleaje mbwa asiwe mgeni kwako huku hutaki akulambe?

Mimi nililea kwa sauti. Tangu mdogo akinijia mbio nageuka, akikaa chini namsifu na namrushia chakula, kwa hiyo akajifunza mwenyewe kwamba mtu akifika, kukaa ndio salamu. Watoto wangu wanamtupia mpira kwa kutumia mti, wanamwita jina, wanamwambia kaa, lala, njoo, ngoja, na anawatii bila kushikana. Nina kanzu ya kazi na viatu vya bandani, vyombo vyake viko kivyake, banda liko upande wa bomba na ndoo ya udongo safi ipo pale. Ni jitu zima sasa na sijawahi kumuona akimrukia mtu. Hata wale msiokuwa na suala la twahara (usafi wa ibada) nawashauri mumfundishe hivi, mama mjamzito au bibi akirukiwa na boerboel kwa mapenzi tu anavunjika.

Mbongo_Ughaibuni, Copenhagen

Naongeza moja, huku Denmark boerboel amepigwa marufuku tangu 2010, yuko kwenye orodha ya aina 13 pamoja na pitbull, tosa, kangal na kaukasia. Nyie mna bahati ya kuwa naye, msitoe sababu ya hayo kufika huko.

Neema_K, Tegeta

Jamani naomba msaada, nimesoma uzi wote. Nina jike wa boerboel miezi nane, alikuwa mpole sana sasa ameanza kunguruma wageni wakiingia sebuleni, na mume wangu anasema ampige ili aache. Nifanyeje?

mama_wawili, Kimara

Pole dada. Usikubali apigwe. Kunguruma ni onyo, anakwambia sijisikii vizuri, ukimpiga kwa kunguruma siku nyingine ataruka hatua hiyo ang'ate kimya kimya. Umri huo ndio wanaanza kubadilika, akili ya ulinzi inaamka, na boerboel anakomaa taratibu, bado una mwaka mzima na zaidi wa kazi.

Kwa sasa mgeni akija mbwa awe na kamba na wewe, mbali na mlango, mahali anapoweza kumwona mgeni bila kunguruma. Hapo mpe vipande vya nyama akiwa ametulia, mgeni akae, asimkodolee macho wala asimsogelee. Akinguruma ongezeni umbali, msimgombeze. Siku ambazo huna nafasi ya kumsimamia aingie bandani kabla mgeni hajafika. Na mpeleke kwa daktari akaguliwe, maumivu ya nyonga au sikio yanaweza kumfanya asitake kusogelewa.

Neema_K, Tegeta

Nimekuelewa dada. Kumbe nikikumbuka vizuri ananguruma zaidi akiwa amelala na mtu akapita nyuma yake, na akiinuka anachechemea mguu wa kushoto. Kesho asubuhi nampeleka, nitaleta mrejesho.

Dokta_Mifugo, Morogoro

Mpeleke dada, mwambie daktari akague nyonga zote mbili, na kama pana mashine ya eksirei apigwe picha. Mpaka hapo hakuna ngazi, hakuna kuruka kwenye gari, mbebeni mkiwa watu wawili.