KIHAMBA CHA BABU 🙏 (kikundi cha familia)

Filo 06:12
Tumsifu Yesu Kristo. Jumapili ni tarehe 2, Marehemu Wote. Padre anakuja kubariki makaburi saa 9 alasiri. Maji ya baraka analeta katekista. KINYUNYIZIO hakuna, cha kigangoni kichwa kimelegea. Nani ananunua?

Filo 07:40
Mmesoma 14, naona.

Beni Dar 08:55
Milele amina. Ndo kile kirungu cha Padre?

Filo 08:56
Cha shaba, kipira chenye matundu, ndani sponji.

Beni Dar 08:58
Kile kilichochomoka mwaka jana kikampata Mjomba kwenye kipara 😂

Mjomba 09:30
Nilibarikiwa kuliko nyie wote

Mama Glori 09:31
😂😂 na kikadumbukia kwenye pombe ya mbege

Filo 09:33
Utani tuuache. Na michango ya mwaka jana ya kinyunyizio hichohicho, 60,000, iko wapi? Mwenyewe anajijua.

Deo 12:04
Taja jina Filo. Nilinunua saruji ya kaburi la Mama. Risiti nilikupa mkononi.

Filo 12:05
Risiti ya mifuko 2. Na kaburi bado udongo.

Mama Glori 12:11
Jamani si humu

Beni Dar 12:20
Kwani tukitoboa kifuniko cha chupa?

Filo 12:21
Beni!! Padre abariki makaburi kwa chupa ya soda?

Baba Mkubwa 21:17
(Neema naandika, Babu anasema)
Nimesomewa yote. Zaburi ya 51: "Unisafishe kwa hisopo." Hisopo ni mmea, si shaba. Nilipokuwa mtumikiaji, Padre kanisani alipita na ndoo tukiimba Asperges me, Zaburi hiyohiyo kwa Kilatini. Akija vihambani alikata tawi tu. Tawi la majani mengi linashika maji. Kwa hiyo kinyunyizio mnacho.
Ila pale kaburini kwa mama yenu pameota isale, jani letu Wachaga la kuombana msamaha. Deo akate, ampe Filo kabla Padre hajafika. Au Filo ampe Deo. Nani alianza sitaki kujua. Bila hivyo mimi siji.

Mjomba 22:02
Tumesikia, Shemeji.

Filo 05:48
Shikamoo Baba Mkubwa. Tawi nitakata mimi. Nani anamfuata Padre?

Mama Glori 06:15
Mwenye pikipiki ni Deo

Filo 06:16
Mwingine?