Krola inaegemea kulia na kuinua pua kwenye mwinuko: nianze na springi au oili?

Raskazone_Mawe
Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo kuhusu shokapu za krola ya 1/10, gari la rimoti la kupandia mawe. Ekseli ni nzima mbele na nyuma, za kawaida, hazina gia za magurudumuni. Kutoka ekseli hadi ekseli ni 313 mm, tairi za inchi 1.9, shokapu za oili za 90 mm, uzito pamoja na betri 2,800 g. Betri imekaa nyuma. Sehemu za kuchezea ni mawe ya matumbawe ya Raskazone hapa Tanga maji yakitoka, na mawe ya chokaa upande wa Amboni.

Kwenye mwinuko mkali pua inanyanyuka na gari linalala chali. Ukikanyaga mafuta bodi inaegemea kulia, kona ya nyuma kulia inazama na tairi la mbele kushoto linaacha jiwe. Likidondoka kutoka kwenye jiwe linadundadunda kabla ya kutulia. Juu ya hayo, shokapu moja ya nyuma inavuja kwenye shafti. Oili iliyomo ni 30wt ya kiwandani (wt ni namba ya uzito wa oili). Nibadilishe nini kwanza?

Ngamiani_4x4
Weka 80wt nyuma na springi ngumu kabisa pande zote. Nyuma haitazama tena, na pua itatulia.

Fundi_Chumbageni
Hapo kwenye 80wt sikubaliani, kaka Ngamiani. Oili haibebi gari, kinachobeba ni springi. Oili inazuia mwendo tu: shokapu ikisukumwa haraka inakaza, ikisukumwa polepole inaachia. Krola inapanda jiwe kwa mwendo wa kinyonga, kwa hiyo hata ukiweka 80wt nyuma itazama vilevile, imechelewa kidogo tu. Na ikishazama itachelewa pia kurudi, tairi linabaki linaning'inia wakati jiwe limeshapita. Springi ngumu pande zote nazo zinakunyima kile ulichonunulia ekseli nzima, yaani tairi kufuata shimo.

Mwenye mada, kabla hujagusa oili toa springi zote nne, acha shokapu mahali pake. Inua chesi kwa mkono kisha iachie taratibu. Inatakiwa ishuke yenyewe hadi chini bila kukwama popote. Ikikwama, tafuta kinachoshika. Mara nyingi ni vichwa vya rodi (zile zinazounganisha ekseli na chesi) vilivyokazwa mno au plastiki yake imebana gololi ya chuma ya ndani, propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) iliyo ndefu ikagota ekseli ikipanda, au waya wa sevo (mota ndogo ya usukani) uliovutwa. Vichwa vinavyobana viminye kidogo kwa plasi kwa pembeni, huku umepitisha bolti, hadi vizunguke kwa uzito wa rodi yenyewe. Watu wengi wanabadilisha oili mara tano kumbe shida ni kichwa kimoja cha rodi.

Kisha pima uzito. Mizani ya jikoni inatosha: tairi za mbele juu ya mizani, za nyuma juu ya vitabu vyenye kimo kilekile, gari likae sawasawa. Leta namba hapa.

Oili iwe ya mwisho kabisa.

Raskazone_Mawe
Ahsante fundi. Kichwa cha rodi ya juu nyuma kilikuwa kinabana kweli. Uzito: mbele 1,300 g, nyuma 1,500 g.

Fundi_Chumbageni
Basi umejibiwa kuhusu pua. Mbele una asilimia 46 tu. Krola ya mawe inataka 55 hadi 60 mbele. Hamisha betri. Kama ina 250 g na ukaisogeza mbele kwa sentimita 20, unahamisha kama 160 g kutoka nyuma kwenda mbele (250 mara 200, gawa kwa 313). Ukiongeza shaba ya 150 g kwenye vishikio vya magurudumu ya mbele, 75 g kila upande, mbele inafika 1,610 g kati ya 2,950 g, karibu asilimia 55. Uzito huo uwe chini, kwenye ekseli au ndani ya rimu, usiuweke juu ya bamba la mbele. Gramu 100 zikikaa juu ya springi zinainua kitovu cha uzito na kukupindua ukipita kwa ubavu. Bei yake ni kwamba sevo ya usukani inafanya kazi zaidi, na sevo dhaifu itaanza kukoroma tairi zikibanwa kati ya mawe mawili.

Sasa springi. Shika gari tairi zining'inie, pima kutoka ekseli hadi chesi. Liweke chini, libonyeze mara mbili tatu, pima tena. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo kiasi gari lilichozama. Mbele izame kama nusu ya mwendo wote wa shokapu, nyuma kama theluthi. Kwa shokapu yenye mwendo wa 28 mm hiyo ni 14 mm mbele na 9 au 10 nyuma. Usiitafute kwa kukaza ringi ya springi hadi mwisho. Ringi inabadilisha kimo, ugumu wa springi unabaki ule ule. Kama lazima ukaze zaidi ya 5 mm ndipo lisimame, springi ni laini, panda daraja moja.

Kama hutaki kununua springi, laza shokapu. Sogeza kichwa cha juu tundu moja kuelekea katikati ya chesi, itakuwa laini zaidi na gari litashuka kidogo. Ukiisimamisha wima inakuwa ngumu.

Sahare_Torque
Niongeze kuhusu kuegemea kulia, maana uzito peke yake hautamaliza. Propela inapozungusha ekseli, chesi inasukumwa kuzunguka upande wa pili. Propela za mbele na nyuma zinazunguka mwelekeo mmoja, ndiyo maana bodi yote inalalia upande uleule. Mwinuko ukishahamishia uzito nyuma, kona ya nyuma ya upande huo inazama kuliko zote na ile ya mbele mkabala nayo inapaa.

Hakikisha kwanza: bana tairi za mbele ukutani, kanyaga taratibu, angalia bodi kwa nyuma. Ikilala kulia, weka springi ya daraja moja juu nyuma kulia tu, au kaza ringi ya kona hiyo 2 hadi 3 mm. Isizidi hapo. Ukipita kiasi gari litalala kushoto likiwa limesimama.

Angalia pia rodi za nyuma. Ukishusha kichwa cha rodi ya juu upande wa chesi tundu moja, nyuma inakataa kuzama ukikanyaga. Ukizidisha, nyuma inajiinua na tairi zinaanza kurukaruka kwenye mwinuko mkavu. Tundu moja, jaribu, ndipo uendelee.

Magari yenye gia za magurudumuni kama TRX-4, krola ya Traxxas, hayasumbuki sana na hili. Nguvu inaongezwa palepale gurudumuni, kwa hiyo propela haibebi msokoto mkubwa. Kwa ekseli za kawaida, gia za difu zinazopunguza mwendo zaidi zinasaidia kwa sababu hiyohiyo, ila ni gharama na ni kufungua ekseli zote mbili.

Ngamiani_4x4
Sawa wakuu, nimeelewa. Ila kudundadunda je, si oili hiyo?

Fundi_Chumbageni
Huko ndiko oili inakohusika, maana gari likidondoka shokapu inakwenda haraka. Lakini kwa jinsi ile moja inavyovuja, nahisi ndani kuna hewa, na hapo hata 30wt haifanyi kazi yake. Sukuma shafti polepole: ukisikia inakoroma, au mwanzoni inaenda bila uzito halafu inashika, hewa ipo.

DadaWaMakorora
Kuvuja niachieni mimi. Fungua shokapu, mwaga oili, safisha kwa maji na sabuni ya vyombo, kausha kabisa. Shafti izungushe juu ya kioo. Ikiyumba imepinda, itupe. Pitisha ukucha juu yake, ukihisi mkwaruzo hata oringi (ringi ya mpira inayozuia oili) mpya itavuja ndani ya wiki. Usiishike kwa plasi tupu, funga kipande cha ngozi au kitambaa kinene. Badilisha oringi zote mbili za chini, zipake oili ya silikoni kabla ya kuziingiza.

Vuta shafti hadi mwisho, jaza oili karibu na ukingo, kisha panda na kushuka polepole bila pistoni kutoka nje ya oili. Iache imesimama dakika kumi, viputo vipande. Weka kimpira cha kofia, sukuma shafti ndani hadi mwisho, funga kofia huku oili iliyozidi ikitoka, halafu kaza. Ukiisukuma ndani ikabaki hapo au ikarudi kidogo sana, ni sawa. Ikirudi yote kwa nguvu, oili imezidi. Itakuja kujisukuma kupitia oringi na utasema tena inavuja.

Usiweke oili ya injini wala ya shokapu za bodaboda. Mafuta hayo yanavimbisha oringi za silikoni, na yanakuwa mepesi zaidi jua la Januari likipiga. Tumia silikoni tupu. Namba za wt zinatofautiana kati ya kampuni na kampuni, bora usome sentistoki (kipimo cha uzito wa oili) kwenye chupa. Kwa wengi 30wt ni kama 350, na 40wt ni kama 500. Kwa gari la 2.9 kg na joto letu ningeweka 35wt mbele na 40wt nyuma, nijaribu kwa kulidondosha kutoka kimo cha shibiri: lizame, lirudi mara moja, litulie.

Na Raskazone, maji ya chumvi ni shida kuliko mawe. Ukirudi suuza kwa maji yasiyo na chumvi, futa shafti, toa tairi ukaushe beringi na uzipake oili nyepesi. Mchanga wa matumbawe unakwaruza shafti kama msasa, kwa hiyo futa hata katikati ya mchezo. Wengine wanavalisha shokapu kipande cha tyubu ya baiskeli. Mchanga ukishaingia ndani yake hautoki, unasaga siku nzima.

Sahare_Torque
Nilisahau: kabla ya kulaumu shokapu ukipita kwa ubavu, bonyeza tairi kwa kidole. Sponji ya ndani ikishalowa au kulainika, ukuta wa tairi unajikunja upande wa chini na gari linalala hata springi zikiwa sahihi. Raskazone, kama lako limeshaingia majini, angalia hilo leo.