Naomba ushauri: mgonjwa mmoja, mafaili matatu

Wakuu, habari zenu. Nipo kwenye timu inayoandaa mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwa hospitali za umma nchi nzima. Programu si tatizo, OpenMRS ipo na ni ya bure. Kinachotutoa jasho ni kumtambua mgonjwa: huku kaandikwa Mohamed, kule Muhammad, na tarehe ya kuzaliwa kila mahali ni 1 Januari (mapokezi wakishachoka ndiyo hiyo). Tukiunganisha mafaili kimakosa, mwenye mzio wa penisilini anaweza kuchomwa hiyohiyo. Estonia walianza mfumo kama huu kitaifa 2008, ila wao kila raia tayari alikuwa na namba ya utambulisho. Kwetu watoto wachanga hawana kabisa. Mliopitia hili, mlitumia alama za vidole au namba ya afya ya kipekee kwa kila mgonjwa? Na mtandao ukikatika, namba mpya inatolewaje?