Kura za maoni zimejaa kupita tulivyotarajia. Tuhesabu kwamba Oktoba tumeshapita? Naomba ushauri

Nanguruwe_Jr

Wanajamvi habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Nimo kwenye timu ya mgombea udiwani, kata moja ya Tandahimba. Jina la kata na la chama naomba niyaache. Kura za maoni za chama, za kumpata mgombea, zimepigwa juma lililopita, wanachama wote wenye kadi, matawi manne. Watu walifurika. Tawi la barabarani karatasi ziliisha saa sita mchana, ikabidi zichapwe nyingine. Watia nia walikuwa watano, na wetu kamwacha wa pili kwa kura chache.

Wenzangu wanasema watu wamehamasika, uchaguzi mkuu wa Oktoba ni kutembea tu, kwa hiyo fedha ya nyumba kwa nyumba iende kwenye mabango na gari la matangazo. Mimi nasita. Huu wingi unatuambia nini hasa kuhusu ari ya wapiga kura? Kikao ni Jumapili. Nianzie wapi kupima?

DaftariNaKalamu

Marahaba mdogo wangu. Una haki ya kusita.

Kujaa kwa kura za maoni kunakuambia kwanza kwamba kinyang'anyiro kilikuwa kikali. Watia nia watano maana yake ni kambi tano za wapambe, orodha tano za ndugu na majirani, na pikipiki za kambi tano zinazosomba watu vitongojini. Tawi hilohilo lingekuwa na mtia nia mmoja asiye na mpinzani, wengi wangebaki shambani, na mapenzi yao kwa chama yangekuwa yaleyale.

Chukua daftari, chora safu kwa kila tawi peke yake. Jumla ya kata usiiguse kwanza, inaficha mambo. Andika wenye kadi waliokuwepo kabla mchakato haujaanza, waliopewa kadi miezi mitatu ya mwisho, waliopiga kura, kisha kura za kila mtia nia. Safu ya kadi mpya ndiyo ya kukodolea macho. Kama zimeongezeka ghafla kwenye tawi moja na kura za tawi hilo zikaenda karibu zote kwa mtu mmoja, kuna mtu alilipia kadi za watu. Majina hayo yalinganishe na daftari la kudumu la wapiga kura. Utakuta wasiojiandikisha kabisa na waliojiandikisha kata nyingine. Hao walijaza foleni yako, na Oktoba hawana kura kwenye kata yako.

Sasa hesabu. Namba hizi ni za mfano tu. Kata ina wapiga kura 6,000 na kura za maoni zimepigwa 1,500. Mshindi kapata 480, wa pili 455, watatu waliobaki wamegawana 565. Ukumbini 1,500 inaonekana umati wa kutisha. Lakini ni robo ya wapiga kura, na ndani yake watu 1,020 walitoka nyumbani kwenda kumchagua mwingine, si mgombea wako. Oktoba wakijitokeza nusu ya kata, yaani 3,000, na wagombea wakiwa wawili, unahitaji 1,501. Hata wale wote wa kura za maoni wakirudi na kukupa wewe bila kukosa hata mmoja, bado unapungukiwa kura moja. Hesabu hii iandike ubaoni Jumapili kabla mtu hajataja mabango.

Mikindani_Takwimu

Naongezea kwa historia ya Marekani, maana wenzetu wana miaka mingi ya namba za aina hii.

Mwaka 1988 kura za mchujo (ndizo kura za maoni za kwao) za Democratic zilipigwa takriban milioni 23, za Republican takriban milioni 12. Ukisoma hapo tu, utasema Democratic wana moto. Novemba, kwenye uchaguzi mkuu, Dukakis wa Democratic akaangushwa na Bush mkubwa wa Republican, aliyechukua majimbo 40. Sababu iko wazi: Bush alimaliza shughuli mapema upande wake, huku Dukakis na Jesse Jackson wakivutana miezi mingi. Watu huenda palipo na mvutano. Mwaka 2008 Obama na Hillary Clinton, wote wa Democratic, walivutana hadi Juni, kura zikapita milioni 35, na safari hiyo chama kilichojaza ndicho kilichoshinda. Kwa hiyo wingi ukiulinganisha chama kwa chama hukupi jibu la Novemba.

Mlinganisho wenye manufaa ni wa chama na chenyewe. Texas mwaka 2014 Democratic walipata kura za mchujo kama 560,000, na mwaka 2018 zikapita milioni moja. Republican bado waliwazidi, walikuwa na zaidi ya milioni moja na nusu, na Ted Cruz wao akabaki na useneta. Ila angalia tofauti: mwaka 2014 kiti kingine cha useneta cha jimbo hilo Republican walikishinda kwa pointi 27 hivi, na mwaka 2018 Cruz aliponea kwa chini ya pointi 3. Ongezeko lilikuwa na maana, ingawa halikutosha kushinda.

Kwako basi tafuta kura za maoni zilizopita za matawi hayohayo. Tahadhari moja: utaratibu uwe uleule. CCM kwa mfano mwaka 2015 walipiga wanachama wote matawini, mwaka 2020 wakapiga wajumbe wa mikutano mikuu. Wajumbe wana kiti na wito wa kikao, lazima wajae. Ukiweka miaka hiyo miwili kwenye jedwali moja unalinganisha mihogo na mabibo.

Korosho_ni_Mali

Jamani hapo juu mmesahau kalenda, na kalenda ndiyo inayotuua huku kusini.

Kura za maoni huwa Julai au Agosti. Wakati huo watu wanapulizia salfa na kusafisha chini ya mikorosho, jioni wako kijijini. Uchaguzi mkuu huwa mwishoni mwa Oktoba: tarehe 25 mwaka 2015, tarehe 28 mwaka 2020. Hapo korosho zinadondoka, minada imeanza, na shamba lisilolindwa linaokotwa na wengine usiku. Familia zinahamia mabanda ya shambani. Vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, na mtu anapiga pale alipojiandikisha. Mwenye shamba la mbali akienda kupiga kura kapoteza siku ya kuokota.

Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na ari Agosti na Oktoba, lakini gharama ya kujitokeza imepanda. Hizi ni habari mbili, msizichanganye. Kwenye lile daftari la kaka DaftariNaKalamu ongeza safu moja: wiki ya mwisho ya Oktoba atalala wapi. Bango halimfuati mtu bandani.

Nanguruwe_Jr

Asanteni sana, nimeanza kuelewa. Na karatasi kuisha? Hilo ndilo wenzangu wanalishikilia kuliko yote.

BiMkubwa_Lindi

Mwanangu, ulizia kwanza zilichapwa ngapi. Karatasi 300 zikipelekwa tawi lenye wanachama 500, kuisha saa sita ni uzembe wa maandalizi.

Ila hapo nitawatofautia kidogo wenzangu, maana mnamkatisha mtoto tamaa. Tukio hilo lina ushahidi mzuri kuliko namba yote ya siku ile. Karatasi zilipoisha, nani alibaki? Waliopakiwa kwenye pikipiki za wapambe huondoka, maana pikipiki ina safari nyingine na wao hawakuja kwa miguu yao. Yule mama aliyekaa chini ya mwembe, kanga kajifunika kichwani, kadi ameifunga pembeni ya kanga, saa mbili nzima mpaka karatasi mpya zikaja, huyo hakuletwa na mtu. Hiyo ndiyo ari. Muulize msimamizi wa tawi kama ana orodha ya waliopiga kwa mfuatano. Hesabu majina ya baada ya karatasi mpya kufika, kisha uliza wanatoka kitongoji gani. Wakiwa wengi na wametoka mbali, una msingi wa kujengea.

Kilwa_Kivinje77

La kambi zilizoshindwa limeguswa juujuu, na mimi naona ndilo kubwa kuliko yote.

Julai 2015 jina la Lowassa, aliyeomba urais kupitia CCM, lilikatwa Dodoma, akahamia CHADEMA, akasimama kwa mwavuli wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, na kupata kura zaidi ya milioni 6. Waliojitokeza nchi nzima walipanda kutoka asilimia 42.8 mwaka 2010 hadi asilimia 67. Hamasa ya ndani ya chama ilikuwa kweli, ila sehemu yake ilitokea mlango mwingine. Huku kwetu mwaka huohuo Mtwara Mjini, Tandahimba na majimbo yote mawili ya Kilwa yalikwenda kwa CUF, chama cha upinzani. Halafu mwaka 2020 walioomba ubunge, uwakilishi na viti maalumu kupitia CCM walizidi 10,000, lakini waliojitokeza uchaguzi mkuu walishuka hadi asilimia 50 na ushee. Watia nia kuwa wengi ni ari ya watia nia.

Kwa hiyo chukua fomu za 21C, zile za matokeo ya udiwani kituoni, za uchaguzi uliopita, vituo vyote vya kata. Mawakala wenu walipewa nakala. Ziweke kando ya matokeo ya matawi. Tawi ambalo wa pili alishinda, na vituo vyake safari iliyopita chama chenu kilipita kwa kura chache, hapo ndipo kata itakapopotea.

DaftariNaKalamu

Kabla ya Jumapili unaweza kupima hivi. Kaya 40 kwa tawi, jumla 160, kila nyumba ya kumi njiani ili usichague za marafiki. Watu wanne, siku mbili. Anayeuliza asivae fulana ya chama wala asiwe balozi wa nyumba kumi wa eneo, maana mbele ya balozi kila mtu anakubali.

Usiulize "utapiga kura?" Utapata ndiyo 160. Uliza: kituo chako kiko wapi? Wiki ya mwisho ya Oktoba utakuwa wapi? Siku ya kura za maoni nani alikuambia uje? Asiyejua kituo chake mhesabu kwamba haji. Aliyesema "fulani alinifuata", na huyo fulani ni mpambe wa kambi iliyoshindwa, mwandike pembeni. Hao ndio kazi yako ya nyumba kwa nyumba, na hapo ndipo fedha iende.

Nanguruwe_Jr

Nimeelewa wakuu, kesho naanza na tawi la barabarani. Moja la mwisho: kambi ya wa pili tuifuate lini?

BiMkubwa_Lindi

Leo, kabla hujaenda kuhesabu kaya. Nendeni na mgombea mwenyewe nyumbani kwa aliyeshindwa, bila spika, bila kamera ya simu, na mkae mpaka chai iishe. Mwombeni awape majina ya mawakala wa vituo vya upande wake. Akitoa majina, watu wake watakuja Oktoba. Akisema atafikiria, rudini Jumatano na mzee wa familia yake.