Mashine ya presha inatoa namba tatu tofauti, tuamini ipi?

Mwuliza
Habari wakuu. Mashine ni ya kufunga juu ya kiwiko, betri mpya. Mama, miaka 61, kapimwa mfululizo: 158/93, 149/89, 143/87. Mkanda umeandikwa sm 22–32, na mkono wake ni mnene. Mashine mbovu au tunakosea kupima?

Nesi wa zamu
Kwa namba hizo siwezi kusema mashine ni mbovu. Ya kwanza mara nyingi huwa juu, kisha zinashuka mwili ukitulia. Ninachokitilia shaka ni mkanda. Chukua futi ya fundi cherehani, zungushia mkono katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Ukipata zaidi ya sm 32, mkanda huo haumfai. Mfuko wa hewa ulio ndani yake unatakiwa uzunguke kama asilimia 80 ya mkono. Ukiwa mdogo, inabidi hewa nyingi zaidi ijazwe ndipo mshipa ubanike, na mashine inaihesabu nguvu hiyo kuwa presha ya mgonjwa. Namba ya juu inaweza kuzidi kwa 10 hata 20, mtu akaongezewa dawa asiyoihitaji! Nunua mkanda mkubwa uliotengenezewa mashine hiyohiyo. Wa kampuni nyingine unaweza kuchomeka vizuri na bado ukakudanganya.

Mfamasia
Mkao nao mwuangalie. Mkono ukining'inia, kila sm 10 chini ya usawa wa moyo huongeza kama 7 au 8. Uwekeni juu ya meza, chini yake kanga iliyokunjwa, mpaka mkanda uwe usawa wa katikati ya kifua. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, ukingo wa chini sm 2 hivi juu ya mkunjo wa kiwiko, vidole viwili vipite kwa chini. Na msikunje mkono wa gauni ukabana kule juu, hiyo ni kamba nyingine. Avue kabisa upande huo.

Mgongo uegemee, nyayo zikae sakafuni, miguu isipishane. Aende haja ndogo kwanza, atulie dakika 5, na nusu saa kabla pasiwe na kahawa wala chai ya rangi. Wakati mashine inafanya kazi asiongee, hata kuitikia salamu.

Mwuliza
Nimepima mkono: sm 35. Daktari nimpelekee namba zipi?

Nesi wa zamu
Basi mkanda ubadilishwe kwanza, namba za zamani usizitumie. Siku ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha endelea na ule unaotoa namba kubwa. Siku 7: asubuhi mara mbili kabla ya dawa na chai, jioni mara mbili, mkipumzika dakika moja katikati. Ziandike zote, usichague nzuri. Siku ya kwanza iache, tafuta wastani wa zile 24 zinazobaki. Nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi ndio tunauita presha ya juu. 140/90 ni kipimo cha kliniki.

Mfamasia
Ikifika 180/120, rudia baada ya dakika 5. Ikiwa ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida, ganzi upande mmoja, ulimi mzito au macho kufifia, msirudie chochote: hospitali saa hiyohiyo.